Sura ya 6: Kazi Yako Iko Upande Gani?

Chini kabisa ya dirisha la Visual Studio Code, pembeni kushoto, pana jina la tawi unalofanyia kazi, na kando yake mishale miwili midogo yenye namba. Tuseme unaoshuka una 2 na unaopanda una 3. Wapo watu wanaoandika msimbo mwaka mzima bila kuitupia jicho mishale hiyo. Kwangu mimi hakuna habari muhimu kuliko hiyo katika dirisha zima, kwa sababu inajibu swali ambalo mwandishi wa programu anapaswa kulijibu hata akiamshwa usingizini: kazi yangu iko wapi? Zile 3 zinazopanda ni komiti, yaani hatua za mabadiliko zilizorekodiwa kwa jina, saa na maelezo, ambazo ziko kwenye kompyuta yangu na hazijafika mawinguni. Zile 2 zinazoshuka ni za wenzangu: mawinguni zimefika, kwangu bado.

Sura hii inahusu kuendesha hazina ya msimbo iliyo mawinguni bila kutoka ndani ya kihariri. Vihariri vya siku hizi vimeirahisisha mno kazi hiyo, na urahisi huo ni neema ambayo siwezi kuibeza. Shida ni kwamba umeufanya mpaka kati ya pande mbili usionekane. Kuna vitufe vinavyogusa diski yako peke yake, kuna vinavyopeleka kazi yako kwa watu, na vyote vimepangwa jirani kwa rangi moja. Anayejua ni kitufe kipi kinachovuka mpaka hufanya kazi kwa utulivu. Asiyejua huishi kwa woga wa kubofya, au hubofya bila woga wowote, jambo ambalo ni baya zaidi.

Enzi za CVS na Subversion mpaka huo haukuhitaji kuelezwa. Historia yote ya mradi ilikaa kwenye seva moja, na kompyuta ya mtu ilikuwa na nakala ya leo tu. Kurekodi badiliko kulimaanisha kuzungumza na seva. Mtandao ukilala, na wewe unalala. Wajenzi wa Linux walijinasua mapema. Tangu mwaka 2002 walitumia BitKeeper, mfumo wa kampuni binafsi uliompa kila mjenzi historia nzima. Mwaka 2005 ruhusa ya kuutumia bila malipo ikaondolewa, kufuatia mzozo kati ya kampuni hiyo na mwanaprogramu huria aliyechunguza namna mfumo ule unavyozungumza na seva zake. Linus Torvalds akaketi kuandika wa kwake. Alianza mapema mwezi Aprili 2005, na ilipofika tarehe 7 ya mwezi huohuo Git ilikuwa tayari inatunza msimbo wake yenyewe. Mwezi Julai akamkabidhi Junio Hamano, ambaye ndiye ameilea tangu hapo.

Git haina makao makuu. Kila anayenakili hazina hupata kila komiti tangu siku ya kwanza, na nakala yake ni kamili kama aliyonakili kwayo. Halafu mwaka 2008 GitHub ikafunguliwa San Francisco na kina Tom Preston-Werner, Chris Wanstrath na PJ Hyett, mwaka huohuo Bitbucket ikazaliwa, na mwaka 2011 Dmytro Zaporozhets akaanza kuandika GitLab huko Ukraine. Chombo kisicho na kitovu kikapewa kitovu. Siwalaumu, watu wanaofanya kazi pamoja wanahitaji mahali pa kukutania. Lakini ukiiuliza Git yenyewe iliyo kwenye kompyuta yako, GitHub ni nakala moja kati ya nakala, inayotambuliwa kwa jina fupi, kwa kawaida origin, na anwani ya mtandao. Hakuna zaidi ya hapo.

Kuendesha hazina ukiwa ndani ya kihariri si jambo jipya. Emacs ilikuwa na uwezo wa namna hiyo tangu 1992, na watumiaji wake wa leo huapa kwa Magit, iliyoanzishwa na Marius Vollmer mwaka 2008. Wa Vim wana fugitive ya Tim Pope. Kilichobadilika ni wingi wa watu. Visual Studio Code ilitangazwa na Microsoft tarehe 29 Aprili 2015, kazi ya timu iliyoongozwa na Erich Gamma kutoka Zurich, na ilikuja na Git ndani yake tangu toleo la kwanza la majaribio. Mwezi Juni 2018 Microsoft ikatangaza kuinunua GitHub kwa dola bilioni 7.5, na Septemba mwaka huo kikatoka kiendelezi cha kuendeshea maombi ya kuunganisha msimbo ndani ya kihariri. Mwanafunzi anayeanza leo Mwanza au Kisumu hukutana na Git kwa mara ya kwanza kupitia vitufe hivyo, kabla hajajua terminali ni nini.

Walimu wengi wa programu hulisikitikia jambo hilo. Husema mtu aanze na amri, aandike kwa mkono, ndipo apewe vitufe. Nakubaliana nao nusu. Amri zina faida moja kubwa: kila amri ina jina, na jina lake linakwambia kama inavuka mpaka au haivuki. Ila terminali nayo ina ubaya wake. Anayeandika git add ikifuatiwa na nukta amezoa kila kilichobadilika kwenye folda, hata asichokiona. Kihariri kinamwekea mtu huyohuyo faili la jana na la leo ubavu kwa ubavu, mstari kwa mstari, kijani kwa kilichoongezwa na nyekundu kwa kilichoondolewa. Kusoma kazi yako mwenyewe kabla ya kuirekodi ndiyo tabia inayowatofautisha mafundi, na sijaona mahali inapokuwa rahisi kuliko hapo.

Tuchukue mradi wa kweli tuufuate. OpenMRS ni programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza kubuniwa mwaka 2004, na mahali pa kwanza kuitumia ni Eldoret, Kenya, mwaka 2006, katika mpango wa AMPATH uliohudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Leo inatumika katika nchi nyingi, na msimbo wake uko wazi kwenye GitHub. Tuseme umeona kosa kwenye mojawapo ya skrini zake na dawa yake unaijua.

Unafungua orodha ya amri za kihariri, unachagua kunakili hazina, unabandika anwani. Hapo unashusha historia yote, miaka na miaka ya komiti, na kwa anayelipia bando hilo si dogo. Jipe moyo: mzigo huo hushushwa mara moja tu, na kuanzia hapo Git huchota kilichoongezeka peke yake. (Kama huihitaji historia kabisa, terminali ina njia ya kunakili hali ya leo tu, kwa kuongeza --depth 1. Kwa mradi unaotaka kuchangia sikushauri, maana utakata mizizi unayohitaji kuisoma.) Unabofya jina la tawi pale chini na kuunda tawi jipya lenye jina la kosa unalolitibu. Tawi hilo liko kwako pekee. Hakuna mtu duniani anayejua lipo.

Unaanza kuhariri. Pembeni mwa namba za mistari zinajitokeza alama za rangi: kijani palipoongezwa, buluu palipobadilishwa, pembetatu nyekundu palipofutwa. Kwenye paneli ya udhibiti wa msimbo, faili zinapangwa na herufi zao, M kwa lililobadilika, U kwa ambalo Git haijawahi kuliona. Hiyo U itazame vizuri. Ndiyo inayokuonyesha faili la majaribio ulilolisahau, au faili la siri ambalo halikupaswa kuwa karibu na hazina.

Kisha unabofya alama ya jumlisha kando ya kila faili unalotaka liingie kwenye komiti. Hii ni hatua ya maandalizi, na kwa maoni yangu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Ukibofya Commit bila kuandaa chochote, kihariri kinakuuliza kama kiandae kila kitu kwa niaba yako, na moja ya majibu kinayokupa ni daima. Watu hubofya daima siku ya kwanza wakiwa na haraka, na kuanzia hapo hatua ya maandalizi imetoweka maishani mwao. Kataa. Fungua kila faili, soma tofauti, andaa kilicho cha kosa hili peke yake. Unaweza hata kuchagua mistari mitatu ndani ya faili na kuiandaa hiyo tu, ukaiacha mingine ibaki kazi ya kesho. Atakayeipitia kazi yako, awe Eldoret au kwingineko, ataona badiliko moja lenye maana moja, na atalielewa kwa dakika chache badala ya kuliacha hadi wiki ijayo.

Sasa andika ujumbe, bofya Commit. Hakuna kilichotoka kwenye kompyuta. Komiti imeandikwa kwenye folda iliyofichwa iitwayo .git, ndani ya mradi wako. Hata ukiwa ndani ya basi katikati ya Chalinze na Morogoro, simu haina hata mstari mmoja wa mtandao, kazi imerekodiwa.

Hapo ndipo kihariri kinapofanya jambo ambalo ningependa kila mwalimu alionyeshe darasani. Kile kitufe kikubwa ulichobofya sasa hivi kinabadilika jina mahali palepale. Kilikuwa Commit, sasa kimekuwa Publish Branch, na kwa tawi lililokwisha kuchapishwa kinakuwa Sync Changes. Ni kitufe kilekile kwa macho, rangi ileile, chini ya kidole kilekile. Bofyo la kwanza lilikuwa siri yako, la pili ni la hadharani. Pembeni mwake pana mshale wa kufungua orodha, na humo mna chaguo la kurekodi na kusukuma, yaani kuzipeleka komiti mawinguni, kwa pamoja. Sitakwambia usilitumie. Nakuomba tu usilitumie kabla hujaweza kueleza ni lini kazi iliondoka mikononi mwako.

Kwenye OpenMRS huna ruhusa ya kuandika, hivyo ukibofya Publish Branch kihariri kinakwambia huruhusiwi, na kinajitolea kukuundia nakala ya hazina chini ya akaunti yako mwenyewe mawinguni. Ukikubali, kinapanga upya majina: origin sasa inaelekeza kwenye nakala yako, na hazina ya wenyewe inaitwa upstream. Una hazina tatu mkononi, mbili mawinguni na moja kwenye diski, na tatu hizo hazijisawazishi zenyewe. Wengi hupotea hapa. Wanasukuma, wanaona kijani, wanasubiri wenye mradi waione kazi yao, na wenye mradi hawaoni kitu kwa sababu iliishia kwenye nakala ya mchangiaji.

Kinachobaki ni kuomba. Kiendelezi cha GitHub kinakuletea fomu ndani ya kihariri: kutoka tawi gani, kwenda tawi gani, kichwa, maelezo. Maoni ya wapitiaji yatakurudia humohumo, kila moja kando ya mstari unaohusika, ujibu na kurekebisha bila kuhama dirisha. Upande wa mpitiaji faida ni kubwa zaidi. Anayepitia kazi kwenye kivinjari huona mistari iliyobadilika na michache inayoizunguka. Anayelileta tawi la mwenzake kwenye kihariri anaweza kufuata jina la kitendakazi hadi kilipoandikwa, kuendesha majaribio, na kuiwasha programu yenyewe aone kosa limeondoka kweli. Nimekuwa nikiwaambia vijana ninaofanya nao kazi kwamba ombi ambalo hujaliendesha kwenye kompyuta yako hujalipitia, umelisoma tu.

Siku ombi likikubaliwa na kuunganishwa, tawi kuu la kwenye kompyuta yako bado halijui. Linabaki pale ulipoliacha mpaka uchote kutoka upstream, yaani ushushe habari za kilichoongezeka, na kuvuta, yaani ukiingize kwenye tawi lako. Ndipo ulifute lile tawi lako, mawinguni na nyumbani, maana kulifuta upande mmoja hakulifuti upande wa pili.

Nirudi kwenye mishale, kwa sababu kuna jambo sijalisema. Ule unaoshuka unaweza kukudanganya. Git haimuulizi mtu yeyote mawinguni kila sekunde. Inalinganisha tawi lako na kumbukumbu ya mara ya mwisho ilipochota. Ni sawa na salio unalolisoma kwenye ujumbe wa mwisho wa M-Pesa: lilikuwa kweli ujumbe ulipoingia, na tangu hapo huenda mtu amekutumia pesa au makato yamepita. Visual Studio Code inaweza kuchota yenyewe kila baada ya sekunde 180, lakini mpaka uiruhusu. Hivyo sifuri kwenye mshale unaoshuka haimaanishi wenzako hawajafanya kitu. Chota kwanza, kisha amini. Kuchota hakubadilishi hata herufi moja ya kazi yako, kwa hiyo hakuna sababu ya kukuogopa.

Sync Changes, kwa upande wake, ni mambo mawili kwa jina moja: inavuta, halafu inasukuma. Katikati ya kuvuta na kusukuma ndipo mgongano unapotokea, pale wewe na mwenzako mlipogusa mistari ileile. Tangu 2022 kihariri kina dirisha la pande tatu kwa ajili hiyo: kinachoingia kushoto, chako kulia, matokeo chini. Ni zana nzuri mno, yenye mtego mmoja. Ukiwa unaunganisha kwa njia ya kawaida, upande unaoitwa Current ni wako. Ukiwa unapanga upya komiti zako juu ya tawi jingine, yaani rebase, maana zinageuka: Current ni lile tawi unalojipanga juu yake, na kazi yako inaitwa Incoming. Mtu aliyezoea kubofya kwa mazoea hapo huifuta kazi yake akidhani anaiokoa. Soma msimbo wenyewe, lebo ziache.

Kutengua nako kunategemea upo upande gani. Menyu ina chaguo la kutengua komiti ya mwisho. Kama komiti hiyo haijatoka kwenye kompyuta yako, hakuna madhara yoyote: mabadiliko yanarudi kwenye hatua ya maandalizi, unarekebisha, unarekodi tena. Kama umeshaisukuma, mwenzako huenda ameivuta na kujenga juu yake. Hapo njia ya kiungwana ni komiti mpya inayoifuta ya zamani, ili historia isonge mbele kwa kila mtu. Ipo njia ya kusukuma kwa nguvu na kuiandika upya historia ya mawinguni. Kihariri kimeifunga mpaka uifungue kwenye mipangilio, na hata ukiifungua, hutumia namna ya tahadhari inayokataa ikiwa mtu mwingine amesukuma kitu ambacho hujakichota. Waliofunga hivyo walifanya vyema. Na ukiwa umeharibu upande wako, usifadhaike: git reflog hukumbuka kila mahali tawi lako lilipopita, kwa kawaida siku 30 au zaidi. Karibu kila kilichowahi kurekodiwa kinarudishika. Kisichorudishika ni kile ambacho hakikuwahi kurekodiwa.

Umuhimu wa haya yote ulionekana Afrika Mashariki tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu. Tanzania iliathirika vibaya, na Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji nazo zikaguswa. Intaneti ikawa ya kudonoa kwa siku kadhaa. Kwa anayefanya kazi kwa Git kwenye diski yake, siku kama hizo zina kazi ya kutosha: unaunda matawi, unarekodi, unasoma historia, unalinganisha toleo la leo na la miaka mitano iliyopita, yote bila seva. Mshale unaopanda unakua tu, na waya ukirudi unasukuma.

Kwa aliyehamia mawinguni moja kwa moja hali ni nyingine. Tangu Agosti 2021 unaweza kufungua hazina yoyote ya GitHub kwenye kivinjari, ukabonyeza kitufe cha nukta, na kihariri kizima kikatokea hapohapo bila kunakili chochote. Kwa kusoma msimbo au kurekebisha sentensi moja kwenye maelezo ya mradi, ni njia ya ajabu. Bando lako halimalizwi na historia ya miaka kumi. Ila humo hakuna terminali wala pa kuendeshea programu, na kurekodi ni kusukuma. Hakuna hatua ya katikati. Ambacho hujarekodi kimehifadhiwa ndani ya kivinjari hicho, kwenye kompyuta hiyo. Kesho ukiingia kwa kompyuta nyingine hukikuti. Sioni ubaya wa zana hii, mradi anayeitumia ajue kwamba mpaka tunaouzungumzia umeondolewa, na pamoja nao umeondoka muda wa kujirekebisha faraghani.

Kuna kitu kimoja ambacho kikivuka mpaka hakirudi, nacho ni siri. Mwaka 2016 wavamizi waliingia kwenye hazina binafsi ya wahandisi wa Uber iliyokuwa GitHub, wakakuta humo funguo za huduma ya wingu ya Amazon, na kwa funguo hizo wakachukua taarifa za watu milioni 57. Hazina ilikuwa ya faragha, na bado haikutosha. Kufuta ufunguo kwenye komiti inayofuata hakusaidii, kwa sababu komiti ya nyuma bado ipo na Git haisahau. Dawa ni kuubatilisha ufunguo huo kule ulikotolewa, mara moja, kabla ya kufikiria kusafisha historia. Tangu 2024 GitHub huzuia siri inazozitambua zisisukumwe kwenye hazina za wazi. Zipo isizozitambua, kwa hiyo liandike jina la faili la siri kwenye .gitignore siku unayoanzisha mradi, na ile herufi U uendelee kuiheshimu.

Utambulisho nao unachanganya, hasa kwenye kompyuta za maabara za vyuo na zile zinazotumiwa na watu wengi. Kuna akaunti uliyoingia nayo, na kuna jina na barua pepe vinavyoandikwa kwenye komiti. Ni vitu viwili tofauti. GitHub iliacha kupokea nywila kwa kazi za Git tarehe 13 Agosti 2021, hivyo kihariri hukupeleka kwenye kivinjari uingie, kisha huhifadhi tokeni kwenye kabati la siri la mfumo wa kompyuta. Tokeni hiyo ndiyo inayofungua mlango wa kusukuma. Jina kwenye komiti hutoka kwenye mipangilio ya Git ya kompyuta hiyo, na Git haikagui kama ni lako. Ukikalia kompyuta ambayo mwenzako aliiandikia jina lake, utarekodi kazi ya muhula mzima kwa jina lake, na kila kitu kitaonekana kiko sawa. Andika jina lako ndani ya hazina husika, na ukimaliza uondoke kwenye akaunti; kufunga dirisha peke yake hakukutoi.

Watu huniuliza kama wingu lenyewe linaaminika. Mwezi Juni 2014 kampuni iliyoitwa Code Spaces, ambayo biashara yake ilikuwa kuhifadhi hazina za wateja, ilivamiwa na mtu aliyeshika paneli yake ya kuendeshea seva za Amazon. Alidai fedha, kampuni ilipojaribu kumtoa, akafuta mashine na nakala za akiba zilizokuwa chini ya paneli hiyohiyo. Ndani ya saa 12 kampuni ilikuwa imekwisha. Mteja wa Git mwenye nakala kwenye diski alibaki na historia yake. Mteja wa Subversion, ambayo kampuni hiyo iliihifadhi pia, alibaki na nakala ya siku hiyo tu. Kuna vifo vya taratibu pia: Google Code ilitangaza kufunga Machi 2015, ikazimwa Januari 2016, na watu walipewa muda wa kuhama.

Kinga yake ni nyepesi na iko kwenye menyu uliyoizoea. Ongeza anwani ya pili kwenye hazina yako, kwa mtoa huduma mwingine au kwenye kompyuta ya ofisini, ipe jina, na kila wiki usukume huko pia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ndilo linalohitaji nakala.

Lakini kisa kinachonifunza zaidi ni cha GitLab. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake, akihangaika usiku na hitilafu ya hifadhidata, alifuta folda ya data kwenye seva isiyo sahihi. Kati ya takriban GB 300 zikabaki kama 4.5. Njia kadhaa za akiba walizozitegemea zikagundulika hazifanyi kazi, na walichokipata ni nakala ya saa sita nyuma. Kampuni ilifanya urejeshaji wake hadharani, ikirusha moja kwa moja kwenye YouTube, uungwana ambao bado nauheshimu. Hazina za Git zenyewe hazikupotea. Vilivyopotea vya saa hizo sita vilikuwa vimekaa kwenye hifadhidata: ripoti za makosa, maombi ya kuunganisha, maoni yapatayo 5,000.

Kwa maneno mengine, nakala yako ina msimbo na komiti zote, ila mazungumzo hayamo. Sababu ya kuchagua njia hii badala ya ile, pingamizi la mpitiaji, jibu ulilompa, vyote vinaishi upande wa mawinguni peke yake. Ukihamisha hazina kwenda kwa mtoa huduma mwingine, au mlango wa huyu ukifungwa, hivyo havisafiri na Git. Chombo pekee cha kuleta sababu upande wako ni kile kisanduku kidogo cha ujumbe kilicho juu ya kitufe cha Commit, ambacho watu hukiandikia neno moja, "marekebisho", na kupita.

Kisanduku hicho kinapokea mistari mingi kuliko inavyoonekana. Mstari wa kwanza useme kilichofanyika: "Kataa tarehe ya kuzaliwa iliyo mbele ya leo." Acha mstari mmoja mtupu. Kisha sababu: "Fomu ilikubali mwaka ujao pale simu ya mhudumu ilipokuwa na tarehe isiyo sahihi, na ripoti ya chanjo ikaonyesha watoto wenye umri hasi. Tumezuia kwenye seva badala ya kwenye simu, kwa sababu simu nyingi hazisasishwi." Timu yako ikizungumza Kiswahili, andika Kiswahili. Miaka mitatu baadaye mtu mgeni kwenye mradi akiweka kishale juu ya mstari huo, kihariri kitamletea maneno hayo papo hapo pamoja na jina lako na tarehe, kutoka kwenye diski yake mwenyewe, awe na mtandao au asiwe nao.